Kwa nini ndege ya rimoti inayoruka freshi kwenye video inakuja kuanguka Arusha

Swali ambalo vijana wanaotengeneza ndege za rimoti hapa Arusha wananiuliza kuliko yote ni hili: nimefuata video hatua kwa hatua, mota ileile, betri ileile, bawa nimepima kwa rula mpaka milimita, yule wa kwenye video anairusha kwa mkono inapanda juu, ya kwangu inatoka mkononi inaenda mita kumi inalalia bawa moja inapiga chini, tatizo nini? Na jibu wanalopewa na watu wengi ni kwamba hawajui kurusha. Mimi sikubaliani. Kujua kurusha ni muhimu na kunakuja kwa mazoezi, ila ndege nyingi zinazoanguka huku kwetu zimeharibikia mezani kabla hazijafika uwanjani, na vitu viwili ndo vinahusika sana: hewa ya huku ilivyo, na uzito umekaa wapi kwenye ndege yenyewe. Ukivielewa hivyo viwili vingine vyote vinanyooka, kwahiyo nitavielezea taratibu bila kuruka kitu.

Tuanze na hewa maana hapo watu wengi hawapaangalii kabisa. Hewa ina uzito jamani. Usawa wa bahari, siku ya nyuzi 15, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225. Uwanja wa ndege wa Arusha pale Kisongo uko kama mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iko mita 894, na uwanja wa Moshi uko mita 850 na kidogo. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyembamba, na joto nalo linaipunguza tena kwa sababu hewa ikipata moto inatanuka. Kwahiyo Arusha mchana wa nyuzi 25 ile mita moja ya ujazo ina kama kilo moja tu, yaani imepungua karibu asilimia 18. Watu wa Moshi wanajiona wako chini wako salama, lakini joto lao linakula ile faida, ukifika nyuzi 30 pale mjini hewa ni kama kilo 1.05, wamepungukiwa kama asilimia 14. Dar yenyewe kwenye joto hilohilo la nyuzi 30 inabaki na kama 1.16. Sasa yule jamaa wa video mara nyingi yuko mahali pa chini tena kwenye baridi, ana hewa nzito ya kutosha, na wala hataji hilo kwa sababu kwake ni jambo la kawaida.

Bawa linabeba ndege kwa kuisukuma hewa chini, na kiasi linachobeba kinategemea vitu vinne: hewa ina uzito gani, bawa lina ukubwa gani, hewa inapita kwa spidi gani, na bawa limeinuka kiasi gani dhidi ya hewa inayokuja. Spidi ina nguvu ya ajabu hapo kwa sababu inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, ukiongeza spidi mara mbili unapata nguvu mara nne. Sasa hewa ikipungua lazima kimojawapo kati ya vile vingine kizibe pengo. Ukubwa wa bawa huwezi kuubadilisha ndege ikiwa angani. Kuinua pua kuna mwisho wake, bawa la kawaida likifika kama nyuzi 15 dhidi ya hewa inayokuja, hewa inayopita juu haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa, inaachia, na ile nguvu ya kubeba inaporomoka ghafla. Hiyo ndo stoli, na ikitokea ndege ikiwa chini huna muda wa kufanya lolote. Kwahiyo kinachobaki ni spidi tu. Huku kwetu ndege hiyohiyo inatakiwa iende kasi zaidi ili ibaki juu, hakuna ujanja mwingine.

Tupige hesabu kidogo. Chukua ndege ya kujifunzia ya kawaida kabisa, bawa la sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha, upana sentimita 20, uzito wote gramu 800 betri ikiwa ndani. Siku ya baridi usawa wa bahari hiyo ndege inaanza kuachia hewa ikishuka chini ya kama kilomita 24 kwa saa. Arusha mchana ni karibu 27. Mtu atasema kilomita tatu ni kitu gani, ila angalia inapotokea: wakati wa kurusha kwa mkono na wakati wa kutua, yaani zile nyakati mbili ambazo ndege iko polepole kuliko nyakati zote na iko karibu na ardhi kuliko nyakati zote. Mtu anayeitupa ndege akiwa amesimama anaiachia hapohapo kwenye mpaka. Dar ingedondoka kidogo halafu mota ingeivuta ikapanda, huku ile nafasi ya kudondoka imeshaliwa.

Afu kuna jicho. Jicho lako linaona ndege inavyopita juu ya ardhi, miti na nyumba, lakini bawa halijui habari za ardhi, linajua hewa tu. Hili ndo linaangusha wanaoanza, na naomba mtu asome hapa taratibu. Tuseme upepo unavuma kilomita 15 kwa saa na ndege yako inakwenda 35 ndani ya hewa. Ikikabili upepo wewe uliyesimama chini unaiona inakwenda 20, inaonekana inajikongoja. Ikigeuka ikafuata upepo unaiona inakwenda 50, inaonekana imechanganyikiwa, na unafanya kitu ambacho kila mtu angefanya, unapunguza moto, yaani nguvu ya mota, na kuvuta pua juu kidogo ili itulie. Hewani imeshuka mpaka 25. Machoni kwako bado inakwenda 40, bado unaiona ina kasi, na bawa limeshapita mpaka wake. Inalala upande inaingia chini, watu wanasema upepo umeipiga, kumbe upepo haujaipiga, umelizuga jicho tu. Ukiwa unafuata upepo usiguse moto kwa sababu ya unachokiona, acha ulivyokuwa umeweka wakati unakabili upepo.

Hewa hatuwezi kuiongeza. Uzito tunaweza kuupunguza, na hapo ndo fundi wa Arusha anatakiwa awe bahili kweli kweli. Ileile ndege ya gramu 800 ukiitengeneza ikafika kilo 1.2, spidi yake ya kuachia hewa mchana wa huku inafika kama 32 kwa saa, na hiyo sio ndege ya kujifunzia tena. Na gramu 400 zinaingia kirahisi sana, bila wewe kujua zimetoka wapi. Vifaa vyenyewe vya ndani havina shida: mota ya saizi ya kawaida ni kama gramu 50, spidi kontrola inayopunguza na kuongeza mwendo wa mota 25, risiva inayopokea mawimbi ya rimoti kama 15, sevo ndogo nne, vile vimota vya kusogeza vipande vya bawa na mkia, gramu 9 kila moja, betri ya seli tatu ya mAh 2200 kama gramu 180. Jumla ni kama 300 na kitu. Kwahiyo mwili mzima una gramu 500 za kuchezea, na mwili ndo unatengeneza wewe.

Povu, kile kitu cheupe kinachokuja kimezungushia TV na friji, ni kizuri, kinakatwa kirahisi na ni chepesi. Ukiweka supagluu ya kawaida juu yake kinayeyuka palepale, usijaribu. Gundi ya moto inashika haraka lakini ni nzito, mtu akiwa na wasiwasi anamwaga mistari minene kila kona, ukija kupima ni gramu 60 za gundi tupu. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka inabaki nyepesi, ila ndani ya povu haipati hewa vizuri kwahiyo ipe usiku mzima. Selotepu ile pana ya kahawia kila mtu anaipenda kwa sababu inang'aa, sasa jaribu kupima ndege kabla ya kuifunika na baada, utaona. Funika sehemu ya mbele ya bawa tu na chini ya tumbo panapogusa ardhi. Na rangi ya kupuliza usipige ndege nzima, nyingine zinakula hilo povu na zote zinaongeza uzito, weka mistari miwili mitatu ili ujue juu ni wapi na chini ni wapi, inatosha. Nunua mzani wa jikoni wa dijito, upime kila kipande kabla hujakibandika. Mimi naamini mzani una maana kuliko rimoti ya bei mbaya.

Hili la uzito halijaanza leo. Nikola Tesla alionyesha boti inayoongozwa kwa redio kule New York mwaka 1898, lakini ndege ya mchezo ikaja kusubiri karibu miaka arobaini, ndugu wawili Wamarekani, Walter na William Good, walirusha ya kwao mwaka 1937, na ikabidi iwe ndege kubwa kweli kwa sababu ilikuwa inabeba redio ya valvu na betri zake. Leo risiva nzima inakaa kwenye ncha ya kidole, ile nafasi tuliyopewa bure tusiijaze gundi.

Sasa tuje kwenye kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiibeba kwenye vidole, na hapa ndo nataka kukaa muda mrefu kwa sababu hapa ndo ndege nyingi zinakufa.

Kuna dogo mmoja wa Sakina alinijia na ndege yake, imetengenezwa vizuri sana, mikato imenyooka, bawa halina hata mkunjo. Anasema ikitoka tu inainua pua juu yenyewe, akiisukuma chini inaingia chini, akivuta inainuka tena, inafanya hivyo mara mbili inaanguka. Nikamwambia weka betri ndani, funga kila kitu kama unavyorusha, afu ibebe kwa vidole viwili chini ya bawa, kidole kimoja kila upande, sentimita tano na nusu nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Akaweka vidole. Mkia ukaenda chini moja kwa moja mpaka ukagusa goti lake. Akasogeza vidole nyuma, bado, akasogeza tena, ikaja kukaa sawa kwenye sentimita tisa. Bawa lake lina upana wa sentimita 20. Pale hamna haja ya kuuliza rubani ni nani, hiyo ndege hata rubani mzoefu ingemshinda.

Kanuni ya kuanzia ni kwamba ndege yenye bawa lililonyooka la umbo la mstatili ikae sawa kwenye vidole mahali kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka mbele. Bawa la sentimita 20 ina maana ni kati ya sentimita 5 na 6.6. Anza mbele, kwenye 5, na ukishairusha ikakubali ndo unaweza kurudi nyuma kidogo kidogo.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria mshale, chuma kiko mbele na manyoya yako nyuma, ukiutupa hata vibaya unajinyoosha wenyewe unaenda na kichwa mbele, ukiufunga chuma upande wa manyoya utageuka. Ndege nayo ina sehemu moja ambapo nguvu zote za ziada za hewa kwenye bawa na mkia kwa pamoja zinasukuma. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya hapo, upepo ukiinua pua ghafla, ile nguvu ya ziada inasukuma nyuma ya kitovu, mkia unainuka, pua inarudi ilipokuwa bila wewe kugusa kitu. Kitovu kikiwa nyuma ya hapo, pua ikiinuka nguvu ya ziada inasukuma mbele ya kitovu na inazidi kuiinua, ikishuka inazidi kuishusha, kila kosa dogo linajizalia kubwa zaidi. Vidole vya binadamu haviwezi kukimbizana na kitu kama hicho. Ndege yenye pua nzito sana nayo ina shida zake, inataka spidi zaidi, inataka kuvutwa juu muda wote, kutua kwake ni kwa kasi, lakini utaiona, utaisoma, utairudisha nyumbani.

Na mkia ndo unaleta balaa kwa sababu uko mbali. Tuseme mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu, na pua unakoweza kuweka uzito ni sentimita 25 mbele. Kila gramu 10 ulizoweka mkiani zinakudai gramu 24 puani ili mizani irudi, unaishia na gramu 34 zaidi kwa sababu ya kipande kimoja cha selotepu na gundi. Kwahiyo mkia utengeneze na kipande chepesi kuliko vyote ulivyonavyo. Zile waya za kuvuta eleveta, kile kipande cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, watu wengi wanatumia spoku za baiskeli, ni imara na ni bei rahisi, ila ni chuma tupu mpaka nyuma. Tumia kijiti cha mshikaki katikati na kipande kifupi cha waya mwembamba kila ncha, kifunge na uzi na gundi, kinafanya kazi ileile kwa uzito kidogo sana. Sevo zisogeze mbele. Na kabla hujaongeza risasi au misumari puani, sogeza betri kwanza, betri ndo kitu kizito kuliko vyote na tayari unaibeba, ifanyie kazi mbili. Yule dogo hakuongeza hata gramu moja, tulikata shimo jipya betri ikaenda mbele mpaka nyuma tu ya mota, na ikakaa kwenye sentimita tano na nusu.

Mota na propela nitapita haraka kidogo, ila kuna kitu kimoja cha huku kwetu. Propela nayo ni bawa linalozunguka, kwahiyo nayo inapungukiwa na hewa. Mota iliyoandikwa 1000 KV maana yake ni mizunguko kama 1,000 kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo, kwa betri ya volti 11.1 ni kama 11,100, ukiweka propela inapungua. Seti hiyo na propela ya 10 kwa 4.5, yaani kipenyo inchi 10 na kila mzunguko ingesogea mbele inchi 4.5 kama hewa ingekuwa ngumu, inavuta kama gramu 800 kule usawa wa bahari. Huku toa kama asilimia 18, unabaki na 650. Kwa ndege ya gramu 800 bado inatosha vizuri, ndege ya kujifunzia ikiwa na mvuto wa nusu ya uzito wake tu inaruka.

Habari njema ni kwamba mota ya umeme haivuti pumzi, haipotezi nguvu kama injini ya mafuta. Wenye injini ndogo za mafuta ndo wanaumia mara mbili, injini inapata hewa kidogo inapoteza nguvu karibu kiasi kilekile hewa ilichopungua, na mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi mpaka ukaze sindano ya kabureta. Mota ya umeme yenyewe inaiona propela imekuwa nyepesi, inazunguka haraka zaidi kidogo. Ndo maana watu wanasema huku weka propela kubwa. Sawa, lakini kwa akili: kazi ya kuzungusha propela inapanda kwa kasi sana ukiongeza kipenyo, kutoka inchi 10 kwenda 11 kwa mizunguko ileile kazi inaongezeka kama asilimia 60, na hewa nyembamba inakurudishia 18 tu. Kwahiyo hata ukiwa Arusha inchi moja zaidi inaipa mota mzigo mkubwa kuliko ule wa usawa wa bahari. Ukiibadilisha, rusha dakika mbili, tua, gusa mota. Ukishindwa kuweka kidole juu yake kwa sekunde chache, rudisha propela ya zamani.

Betri nayo tuiheshimu. Hizi za lithiamu kila seli ikijaa ni volti 4.2, na chini ya 3.0 inakufa, mi nashauri utue ikiwa imebaki 3.5 kila seli. Ile ya 2200 ukitumia asilimia 80 yake kwa wastani wa ampea 10 unapata kama dakika kumi na kitu, weka kengele kwenye rimoti ilie dakika ya nane mpaka uizoee. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, na uwepo hapohapo, usiende kulala. Ikivimba hata kidogo achana nayo. Ukiiweka kabatini wiki nzima iache kwenye 3.8 kila seli, usiiache imejaa. Na ndugu akikuletea za ziada kwa ndege azibebe kwenye mkoba wa mkononi akiwa amefunika ncha zake, sio kwenye begi la chini.

Hali ya hewa ya huku mtu akiijua anaokoa ndege nyingi. Asubuhi ndo wakati wenyewe, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka kama saa tatu. Hewa imetulia, na ya baridi ina uzito zaidi, nyuzi 15 ukilinganisha na nyuzi 25 unapata kama asilimia tatu na nusu ya hewa bure. Jua likishapiga miteremko ya Meru, na kwa Moshi ile ya Kilimanjaro, hewa inaanza kupanda mlima, upepo unabadilika badilika na kuna sehemu inainuka na sehemu inazama, ndege nyepesi inacheza kama haina mwenyewe. Upande wa Monduli kiangazi ukiona chamchela limesimama na vumbi lake, hata kama liko mbali, tua kwanza, maana mengine hayana vumbi la kuyaonyesha. Mwewe nao wanakuja, hasa ndege ikiwa inazunguka polepole juu. Mwewe akikusogelea ongeza moto panda juu, huwa wanapenda kupiga kutoka juu kwahiyo usimwachie nafasi hiyo.

Mahali pa kurusha ndo maumivu yetu kwa sababu mji umejaa. Shamba la mahindi likishavunwa ni zuri sana, mabua yakiwa yamelazwa ndege inatua bila kuvunja propela, omba mwenye shamba, wengi wanakubali na watoto wao wanakuja kuangalia. Ila Kisongo karibu na uwanja wa ndege usithubutu, zile ndege ndogo za kwenda Serengeti zinashuka chini kweli, na vilevile Boma Ng'ombe upande wa KIA. Ndani ya hifadhi za taifa hapana. Droni hapa Tanzania zinahitaji kibali cha TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ushauri wangu ni uichukulie ndege yako sawa na droni, nenda kaulize kabla, mwambie na mwenyekiti wa mtaa. Huu mchezo tunaupenda, mtu mmoja akirusha juu ya watu ikamkata mtoto na propela tutafungiwa wote, na watakuwa na haki.

Haya, siku ya kwanza. Toa propela, washa rimoti kwanza ndo uwashe ndege, sogeza fimbo ya rimoti kulia uone kipande cha bawa la kulia kinainuka juu, vuta fimbo kwako uone eleveta inainuka. Kosa la kugeuza hapa linaua ndege ndani ya sekunde moja na linarekebishwa kwa swichi moja kwenye rimoti. Zima rimoti uone mota inakata yenyewe. Kama inaendelea kuzunguka, weka hiyo sawa kwanza, usirushe. Rudisha propela. Mtu mwenye mkono mzuri aishike, wewe ubaki na vidole viwili kwenye fimbo. Mkabili upepo, moto wote, akimbie hatua tano sita aisukume ikiwa imelala sawa na ardhi, asiielekeze angani. Wengi wanaitupa pua ikiwa juu kwa sababu wanataka ipande, na huku hiyo ni kuipeleka kwenye stoli kwa mikono yako. Acha ichukue spidi kwanza, isafiri chini chini mita ishirini thelathini, afu vuta taratibu.

Ikija upande wako kushoto na kulia vinageuka kichwani, hapo kumbuka kitu kimoja: sukuma fimbo upande wa bawa lililoinama, litainuka. Ukishafika juu vizuri, juu kabisa kuliko miti, kabili upepo, punguza moto, shikilia pua isishuke, uone inaachia wakati gani na inaangukia upande gani. Inaachia, unalegeza fimbo, unaweka moto, inachukua spidi, unainyoosha. Fanya hivyo mpaka uijue sura yake kabla haijaachia, ile kulegea kwa vidhibiti, kwa sababu hiyo sura ndo utakayoitafuta ukiwa unatua ili usiifikie. Kutua njoo na moto kidogo, usikate kabisa kama wale wa video, itaonekana ina kasi na inatakiwa iwe hivyo, kata ikiwa kwenye usawa wa magoti.

Ukishatua gusa mota, pima volti za kila seli, afu angalia eleveta imekaa wapi baada ya kuirekebisha kule juu. Kama imebaki imeinuka sana, pua bado ni nzito, rudisha betri nyuma nusu sentimita kabla ya mruko wa pili. Kama ilibidi uisukume chini ili iende sawa, usiirushe tena mpaka uirudishe kwenye vidole.